Dawa ya Usingizi Ina Mwenyewe na Ina Mwisho

Hotuba ya mfamasia katika mkutano wa afya wa wakazi wa Makambako, mkoani Njombe

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa mtaa na wa dini, wazee wetu, akina mama na akina baba, na ninyi madereva mlioegesha magari yenu ili mje kusikiliza, kamwene.

Niliombwa nizungumzie matumizi sahihi ya dawa kwa ujumla, lakini kwa ruhusa ya Mwenyekiti nitabaki kwenye aina moja tu, nayo ni dawa za usingizi zinazotolewa kwa cheti cha daktari. Nimezichagua kwa sababu ya mahali tulipo. Makambako ni njia panda. Barabara ya kutoka Songea inaikuta hapa hapa ile inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, malori yanapita usiku kucha, na wengi wetu tunafanya kazi saa ambazo wenzetu wamelala. Wapo pia wazee waliobaki peke yao baada ya watoto kwenda kutafuta maisha, na wapo wanaouguza. Katika nyumba hizi zote usingizi unaweza kupotea, na ukipotea, kidonge hupatikana upesi kuliko ushauri.

Neno langu kuu ni hili. Daktari anapoandika dawa ya usingizi, anampimia mtu mmoja kwa kuangalia umri wake, magonjwa yake na dawa nyingine anazomeza, na anampimia kwa siku zinazohesabika. Madhara mengi tunayokutana nayo dirishani yanaanza pale dawa inapotoka nje ya kipimo hicho, yaani inapomezwa na mtu mwingine, inapochanganywa na pombe au dawa nyingine, inapoendelea kwa miezi bila mwandishi wake kujua, au inapokatishwa ghafla baada ya mwili kuizoea.

Dawa ninazozisemea ni kama diazepamu, ambayo wengi wetu bado tunaiita Valium, pamoja na ndugu zake lorazepamu na nitrazepamu, halafu zolpidemu na zopikloni. Ubongo wa binadamu una kemikali yake ya kujituliza, na dawa hizi zote huiongezea nguvu kemikali hiyo. Ndiyo maana mtu husinzia. Lakini kemikali hiyo haifanyi kazi kwenye usingizi peke yake. Inagusa pia kumbukumbu, uwiano wa mwili anaposimama na kutembea, nguvu ya misuli, na hata msukumo wa kupumua. Mkilishika jambo hili moja, mengine yote nitakayoyasema leo mtaona yanatoka humo. Zipo pia amitriptilini, ambayo kazi yake hasa ni kutibu sonona na maumivu ya mishipa ya fahamu, na promethazini, ambayo ni dawa ya mzio. Hizi nazo huleta usingizi na madaktari wakati mwingine huziandika kwa ajili hiyo, na tahadhari zake nyingi zinafanana na za zile za kwanza.

Kabla ya kufika kwenye kidonge, inafaa tuulize usingizi umepotelea wapi, kwa maana mara nyingi sababu iko wazi ila hakuna aliyeitafuta. Mzee mwenye tezi dume anaamka mara nne usiku kwenda kukojoa. Huyo anahitaji kutibiwa tezi. Mama mwenye shinikizo la damu anameza kidonge cha kupunguza maji mwilini saa mbili usiku, kisha anashangaa kwa nini halali. Kidonge hicho kwa kawaida humezwa asubuhi. Aliyeandikiwa prednisoloni naye humeza asubuhi, kwani jioni huondoa usingizi. Yuko anayeamka saa tisa usiku kila siku akiwa na uzito moyoni, hana hamu ya chakula wala ya watu. Huyo pengine ana sonona, na akipewa dawa ya usingizi peke yake ugonjwa wenyewe unabaki palepale. Na yuko anayekoroma kwa nguvu, pumzi ikikatika kisha ikirudi kwa kishindo, na mchana kutwa anasinzia. Mtu wa namna hiyo dawa za usingizi zinaweza kumletea hatari kubwa, kwa sababu zinalegeza zaidi koo ambalo tayari linajifunga.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo linalotuhusu sana sisi wa nyanda hizi. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, na ndugu zetu wengi wanatumia dawa za kufubaza virusi na wanaishi vizuri. Miaka iliyopita dawa iliyotumika sana ilikuwa na efavirenzi ndani yake, na wagonjwa walielekezwa kuimeza wakati wa kulala, kwa sababu ilileta kizunguzungu. Dawa ya sasa ina dolutegraviri, na hiyo kwa baadhi ya watu hufukuza usingizi. Kwa hiyo unamkuta mtu ambaye alizoeshwa kumeza usiku, dawa ikabadilishwa, saa ya kumeza ikabaki ileile, na sasa anahangaika usiku mzima na kutafuta diazepamu ya kumtuliza. Ndugu yangu mwenye hali hiyo, nenda CTC, yaani kliniki unakochukulia dawa zako za VVU, ukawaeleze. Mara nyingi inatosha kuhamishia dozi asubuhi, kwa maelekezo yao, bila kuongeza kidonge kingine juu yake. Na kama unatumia dawa za mstari wa pili, yaani zile zinazotolewa za kwanza zinaposhindwa, zenye ritonaviri, ni lazima anayekuandikia dawa ya usingizi ajue, kwa kuwa ritonaviri huzuia ini lisiziondoe mwilini baadhi ya dawa hizi kwa wakati wake, na kiwango chake kikapanda kupita kilichokusudiwa. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume. Huziondoa haraka, mgonjwa akaona kidonge hakifanyi kazi na akajiongezea. Ninawaomba wagonjwa wasifiche dawa hizi kwa kuona haya. Anayezihitaji habari hizo anazihitaji ili asikudhuru.

Madaktari husema kukosa usingizi kumekuwa sugu pale kunapomtokea mtu usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi. Kwa hali hiyo, mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani kilipendekeza kwamba tiba ya kwanza kwa mtu mzima iwe mazoezi ya kubadili mwenendo na fikra kuhusu usingizi, na dawa zifuate baadaye kwa muda mfupi ikibidi. Mazoezi hayo hayana gharama. Unaamka saa ileile kila siku hata kama ulilala vibaya. Hulali mchana ili kufidia. Kitanda unakitumia kwa kulala, si kwa kupigia mahesabu ya mbolea wala kuangalia simu. Ukiona usingizi haujaja baada ya muda wa kama dakika 20, unaondoka kitandani, unakaa mahali penye mwanga hafifu mpaka usinzie, ndipo unarudi. Ninajua baridi ya mwezi wa sita hapa kwetu, na kumwambia mtu atoke kwenye blanketi si neno jepesi. Basi toka na blanketi lako. Chai ya Mufindi ni nzuri, nami ninaipenda, lakini kahawa na chai ya rangi zinywewe mchana, siyo jioni.

Pamoja na hayo, sitaki mtu atoke hapa akiamini kwamba dawa ya usingizi ni kitu kibaya. Aliyefiwa, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, au mwenye wasiwasi uliomzidi nguvu, anaweza kuihitaji kweli, na ikiandikwa vizuri inampumzisha na kumvusha siku ngumu. Ninachosisitiza ni muda. Kwa kundi la diazepamu, na vilevile kwa zopikloni na zolpidemu, mwongozo wa kawaida ni wiki mbili hadi nne, zikiwemo siku za kupunguza dozi. Baada ya hapo nguvu yake ya kulaza hupungua huku mwili ukiendelea kuidai.

Nitawaonyesha jinsi muda huo unavyopotea. Mtu anapewa vidonge kwenye kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu jina la dawa, kidonge kimoja usiku, na tarehe. Kibahasha kinakaa kwenye mkoba, wino unafutika, tarehe haisomeki tena. Vidonge vikiisha, mwenyewe anakipeleka kibahasha kilekile kwenye duka lingine na kusema, "Niongezeeni hii." Anayeuza, kama si mwangalifu, anasoma jina na kujaza. Mwezi unapita, kisha mwingine, na daktari aliyeandika vidonge vya wiki mbili hana habari. Kibahasha si cheti. Cheti kina tarehe, kina idadi ya vidonge, na kikishahudumiwa kimekwisha kazi yake. Diazepamu na wenzake wamo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na nchi yetu nayo inazidhibiti kwa sheria. Kwa hiyo mhudumu akikukatalia bila cheti, anakulinda. Vivyo hivyo kwa maduka ya dawa muhimu, ule mpango ulioanzia kwa jirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003: maduka hayo yana orodha yao ya dawa zinazoruhusiwa, na si kila dawa ya cheti imo. Vidonge vya kuuziwa kwa kificho stendi au mnadani ndivyo vibaya kuliko vyote, kwani hakuna anayejua ndani yake mna nini.

Sasa nazungumza na madereva. Diazepamu huchukua kati ya saa 20 na 50 kupungua kufikia nusu mwilini, na ini linapoivunja hutengeneza kitu kingine chenye nguvu ya namna ileile ambacho hudumu zaidi. Hesabuni wenyewe. Umemeza saa nne usiku ukalala hapa Makambako, na saa kumi na mbili asubuhi unawasha gari. Zimepita saa nane. Zaidi ya nusu ya dawa bado unayo, na kama ulimeza jana na juzi pia, unayo na mabaki ya siku hizo. Unaweza kujiona mzima kabisa, lakini mguu unachelewa kwenda kwenye breki, na mbele yako kuna mteremko wa Kitonga ukishapita Iringa kuelekea Dar es Salaam, au Inyala ukielekea Mbeya. Zolpidemu hutoka mwilini upesi zaidi, lakini hata hiyo haitakiwi kumezwa kama huna saa saba au nane kamili za kulala. Mwezi Januari mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza dozi inayopendekezwa ya zolpidemu ya kawaida kwa wanawake ishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya kuonekana kwamba wengi huamka ikiwa bado imo kwenye damu kwa kiwango cha kuwafanya waendeshe gari vibaya. Mwaka 2019 mamlaka hiyohiyo ilitoa onyo kali kuhusu watu waliomeza dawa za jamii hii kisha wakanyanyuka, wakatembea, wakapika, hata wakaendesha gari, huku akili imelala na asubuhi hawakumbuki lolote. Likikutokea hilo hata mara moja, usiimeze tena, na urudi kwa daktari. Na wale wanaojikesha kwa mirungi njiani kisha wakatafuta kidonge cha kuwalaza, ninawasihi kama ndugu: mwili hauwezi kusukumwa na kuvutwa namna hiyo kwa muda mrefu.

Kuhusu pombe sitazunguka. Ulanzi ni kinywaji chetu, na msimu wa mvua unapatikana kila kona, lakini ulanzi, komoni, bia au konyagi havikai pamoja na dawa ya usingizi, hata kidogo, hata kama ulikunywa mchana na kidonge ni cha usiku. Vyote viwili vinapunguza msukumo wa kupumua. Mtu anaweza kulala na asiamke. Hatari hiyohiyo iko kwa dawa kali za maumivu kama tramadoli, kodeini na mofini, na kwa methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, kwa hiyo anayehudumiwa kwenye kliniki ya methadoni asimeze chochote cha usingizi bila kliniki kujua.

Liko jambo lingine la kwetu la msimu wa baridi. Watu huingiza jiko la mkaa ndani ya chumba, wakafunga mlango na dirisha. Moshi wa mkaa unaowaka hivyo una hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Asiyemeza dawa anaweza kuamka na kichwa kinauma, akapata nafasi ya kufungua mlango. Aliyemeza dawa ya usingizi huenda asihisi kitu. Jiko litoke nje kabla ya kulala, kwa kila nyumba, na zaidi kwa nyumba yenye mtu anayetumia dawa hizi.

Wazee wetu wanahitaji uangalizi wao wenyewe. Kwa umri mkubwa ini na figo huondoa dawa polepole, kwa hiyo dozi ya kijana kwake ni kubwa mno, na kwa wazee wengi ni bora dawa hizi ziepukwe kabisa. Mzee anaamka saa nane usiku, choo kiko uani, ardhi ina ukungu na utelezi, miguu haina nguvu na kichwa kinazunguka. Anaanguka, mfupa wa nyonga unavunjika, na kwa umri ule wengi hawarudi tena kutembea kama zamani. Wengine huanza kuchanganyikiwa, kusahau majina ya wajukuu, kuzungumza mambo yasiyoeleweka, na familia ikadhani ni uzee au ikatafuta mchawi, wakati kisa ni kidonge cha kila usiku. Ninaomba watoto walioko Dar es Salaam wasiwatumie mama zao vidonge vya usingizi kwa basi. Ninajua mnafanya hivyo kwa upendo. Mtumieni nauli aende hospitali.

Mama mjamzito na anayenyonyesha asimeze bila daktari kujua hali yake, maana dawa humfikia mtoto, akazaliwa amelegea au akanyonya kwa uvivu. Na mtoto mdogo asipewe dawa yoyote ili alale. Hapa ninazitaja kwa makusudi promethazini na dawa nyingine za mafua ambazo wengine huzitumia ili mtoto asisumbue usiku. Promethazini hairuhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kumzuia kupumua.

Yuko mtu humu ambaye amekuwa akimeza kwa mwaka mzima au zaidi, na tangu nianze kuzungumza anajiuliza kama akitupe kibahasha leo. Usikitupe. Mwili ulioizoea diazepamu ukinyimwa ghafla unaweza kutetemeka, kutoka jasho, kukosa usingizi kuliko mwanzo, kuingiwa na hofu kubwa, na hata kupata degedege. Dawa hizi hushushwa kama mtu anavyoshuka Kitonga na mzigo, kwa gia ndogo. Daktari atakupunguzia kiasi kidogo, atasubiri wiki mbili au zaidi mwili utulie, kisha atapunguza tena, na kwa aliyetumia muda mrefu kazi hiyo inaweza kuchukua miezi. Usiku kadhaa utakuwa mgumu, na hiyo haimaanishi kwamba huwezi kuishi bila kidonge. Wala usione aibu. Uliandikiwa, ukameza ulichopewa, mwili ukazoea; hilo ni suala la tiba na lina utaratibu wake, kuanzia kituo cha afya hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Nyumbani, vidonge vifungiwe kwenye sanduku au kabati lenye ufunguo, siyo chini ya mto. Kama kuna mtu ndani ya nyumba aliyekata tamaa ya maisha, funguo zishikwe na mwingine na mgonjwa apewe kidonge cha usiku mmoja tu. Muulizeni waziwazi hali yake na mumpeleke hospitali, kwa kuwa kuuliza hakumpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo. Mkimkuta mtu amemeza vingi, au amemeza na pombe na haamki mkimtikisa, mlazeni ubavu ili matapishi au ulimi visimzibe, angalieni kama anapumua, na mkimbizeni hospitali hapo hapo. Msimpe maziwa. Msimtapishe. Msimwachie "alale mpaka zitoke." Bebeni karatasi za vidonge au chupa mliyoikuta pembeni yake, hata ikiwa tupu, kwa sababu daktari ataamua matibabu kwa kusoma jina na nguvu ya dawa iliyoandikwa pale.

Ndugu Mwenyekiti, nitabaki kwenye ile meza iliyo karibu na mlango mpaka jioni. Aliyekuja na dawa zake, za hospitali, za dukani na hata za mitishamba, azilete zote kwa pamoja tuzisome mmoja mmoja, kwa faragha. Vidonge vya usingizi vilivyobaki ambavyo mwenyewe ameshamaliza kutumia navyo tutavipokea, tutaviandika kwenye daftari na kuvipeleka kwenye utaratibu wa kuteketeza. Asanteni kwa kunisikiliza.